Hapakuwa na Mbuzi

Nachingwea, Jumamosi alasiri

Somoe mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda kwa bibi kuaga, na mimi nimefunga banda mapema. Wateja wawili wameshanipigia simu kulalamika. Waache walalamike, pikipiki iliyokufa leo haitaoza ikisubiri mpaka keshokutwa. Nimekaa kwenye benchi la wateja, daftari la mdogo wako nimeliweka juu ya tangi la ile pikipiki nyekundu, naandika. Ukiona madoa kwenye karatasi usije ukasema baba alilia. Ni oili.

Mambo ya safari namwachia mama yako. Atakuambia ulale umekumbatia begi, usile cha mtu usiyemjua, upige simu ukifika Dar na upige tena ukifika Arusha. Ya kupanda matuta na kuruka kwa pikipiki watakufundisha hukohuko, wao ndio wenye kazi yao. Mimi nina jambo moja tu, na sijawahi kumwambia mtu kwa miaka kumi na moja, mpaka juzi. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Jana ulipokuwa unakaza cheni nilikuja mpaka nyuma yako, ukageuka ukasema, "Baba vipi, unatafuta spana?" Nikasema ndiyo, namba kumi na mbili. Ukanipa. Nikasimama nayo mkononi, sina hata nati ya kufungua.

Mama yako anataka nikukataze. Wiki nzima hii kila nikitia tonge mdomoni ananitazama. "Wewe ndiye uliyemtia wazimu huo," anasema, "wewe ndiye wa kumtoa." Nusu ya kwanza ni kweli. Unakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, nikakukuta nyuma ya uwanja na pikipiki ya mteja, tairi la mbele liko juu, wenzako wanapiga kelele? Ulizima injini ukasubiri kofi. Mzazi mwenye akili zake angekupiga hilo kofi, au angalau angechukua ufunguo. Mimi nilikusogelea nikakuambia, "Klachi unaiachia mapema, sikiliza injini kwanza," nikaondoka zangu. Siku ile nilimnunulia mama yako soda bila sababu yoyote, na yeye, kwa kunijua, akaniuliza nimefanya kosa gani.

Sasa leo nikukataze kwa mdomo upi? Wale watu wa mashindano ya pikipiki wa Arusha wamekuona kwenye simu ukiruka matuta matatu mfululizo pale uwanjani siku ya sikukuu, wakauliza huyu binti wa Nachingwea ni nani, wakakuita. Nimefurahi, Somoe. Nasema wazi, maana mama yako anadhani mimi nimenyamaza kwa sababu nakubaliana naye. Nimefurahi na nimeogopa, na hofu yangu siyo ile anayoidhani yeye.

Wewe unamjua baba wa sasa, yule anayeendesha mwendo wa baiskeli mpaka wanawake waliojitwika kuni wanamsalimia na kumwuliza habari za nyumbani mpaka ziishe. Zamani niliitwa Tairi Moja. Wapo ambao bado wananiita hivyo, na ukiona sikugeuka, jua nimesikia.

Ufuta ukishavunwa, unajua mwenyewe, hakuna kijiji kisicho na ngoma. Wasichana wanatoka unyagoni, wavulana wanatoka jandoni, na mwali lazima arudishwe nyumbani kwa shangwe. Wazee wetu waliwabeba mabegani. Wakati wetu sisi ilikuwa msafara wa pikipiki, ishirini, thelathini, honi mtindo mmoja, matawi yamefungwa kwenye taa, na anayetangulia ni yule aliyempakia mwali. Pale mbele palikuwa pangu. Kuanzia Ruangwa mjini mpaka Matambarale, mtu akitaka ngoma yake isemwe mpaka mvua za kwanza, alinitumia mjumbe. Nilikuwa nikikaribia uwanja nanyanyua tairi la mbele, naingia nalo liko juu, akina mama wananitandikia khanga zao njiani. Bibi yako, huyo mnayemuaga leo, alipiga vigelegele siku moja mpaka sauti ikakauka, kesho yake akawa anaomba chumvi kwa ishara.

Nikuambie na utamu wake, kwa sababu nikikuambia hasara peke yake utajua nakudanganya. Tairi likinyanyuka, kuna mahali padogo ambapo pikipiki haina uzito. Haitaki kurudi mbele wala haijaanza kuanguka nyuma. Unapajua. Ukiwa pale huna shamba lenye magugu, huna mama anayeumwa, huna mtoto anayetaka sare ya shule. Nimepata raha nyingi katika maisha yangu, na siku uliyozaliwa wewe ilikuwa mojawapo, lakini raha zote hizo nilizipata nikiwa na mtu. Ile ya tairi ilikuwa yangu peke yangu, haikumhitaji mtu yeyote, na mimi niliipenda kwa sababu hiyo.

Dada yako Zuhura, mtoto wa shangazi yako Mwanahawa, alikuwa na miaka kumi na miwili alipochezwa unyago. Wewe ulikuwa na tisa. Kwetu sisi Wamwera mjomba ndiye mwenye mtoto, na siku ya kutoka kwake ilikuwa zamu yangu kumrudisha kwa mama yake Mbekenyera. Shangazi yako alikuwa ameshatamba mtaani mwezi mzima kwamba mwanawe ataletwa na Tairi Moja, tena siyo wa kukodi, kaka yake wa damu.

Ya unyagoni siyajui wala sitakiwi kuyajua. Lakini la siku ya kutoka kila mtu analiona. Mwali anafunikwa khanga kichwani, anainamisha uso, hasemi, hacheki, hamtazami mtu. Mikono inakaa mapajani, ndani ya nguo. Kungwi wake alimpandisha nyuma yangu, akamweka sawa, akamwambia, "Tulia hivyo hivyo mpaka kwa mama yako. Mwali hashiki mtu." Mimi nikatania, nikasema, "Hata mjomba wake hamshiki?" Kungwi akanijibu, "Hata wewe." Watu wakacheka. Kwa hiyo nilijua, Somoe. Nilisikia kwa masikio yangu haya kwamba mtoto niliyempakia hakushika kitu.

Tulitoka na njia ya Chunyu. Ilikuwa mchana, barabara kavu, imechongwa siku chache nyuma. Mimi kama kawaida yangu niliwatoka wenzangu, wakabaki nyuma ya kona wakila vumbi langu. Mbele hapakuwa na nyumba wala mpita njia. Mbekenyera kwenyewe kulikuwa bado mbali, hata ngoma tulikuwa hatujaanza kuisikia. Na pale ndipo nilipolinyanyua tairi.

Nimekaa miaka kumi na moja nikijiuliza kwa nini pale. Watu wakisikia habari za vijana wa pikipiki wanasema wanatafuta sifa. Ningeomba iwe ni sifa. Sifa ina nafuu, kwa sababu mwenye sifa angesubiri afike kwa watu. Pale hapakuwa na wa kunisifu. Hata huyo aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amefunikwa uso. Nililinyanyua kwa sababu barabara ilikuwa nzuri na injini ilikuwa inaitika, na nilitaka. Kwa dakika ile nilisahau kabisa kwamba nimempakia mtu.

Nikasikia uzito unateleza nyuma, kama gunia lisilofungwa. Nilistuka, na mkono badala ya kuachia mafuta ukavuta. Pikipiki ikapinduka kinyumenyume. Mimi nikaruka pembeni, maana kuruka nilikuwa nimezoea. Zuhura hakuzoea. Pikipiki ikamwangukia mguuni. Mimi nilichubuka kiwiko.

Wenzangu walipotokea kwenye kona walinikuta nimepiga magoti. Wa kwanza akapiga kelele, "Tairi Moja, kumetokea nini?" Nikasema, "Mbuzi."

Nilisema neno hilo tu. Sikulipanga, wala sikujua kama linakuja. Lakini neno likishatoka huanza kutafuta ndugu zake. Mmoja akasema ndiyo, hapa mbuzi ni wengi. Mwingine akasema yeye mwenyewe aliwahi kukatiziwa na mbuzi palepale. Kabla hatujapata gari la kumpeleka mtoto hospitali, yule mbuzi alikuwa ameshapata rangi, ni mweusi, na ameshapata mwenyewe, ni Mzee Abeid ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma kidogo ya barabara. Mimi sikumtaja Mzee Abeid. Nikawa najifariji kwa hilo, kwamba sikumtaja.

Alikuja hospitali siku ya tatu, kwa miguu kipande na kipande kwa kupakiwa, amebeba jogoo kwenye kapu. Akasimama mlangoni, hataki kukaa. "Mwanangu," akaniambia, "yule mweusi ana tabia ya kukata kamba. Mbuzi ni wangu, na kosa ni langu." Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Mzee, tumwachie Mungu, yeye ndiye ajuaye." Nikapokea na jogoo. Yule mzee aliwauza mbuzi wake wote na hakufuga tena mpaka alipokufa. Nilikwenda mazikoni. Nilitia udongo kaburini kama wengine, watu wakaniona nina moyo mzuri, namzika mtu ambaye mbuzi wake aliniponza.

Na siku hiyohiyo ya tatu ndiyo Zuhura alianza kusema. Shangazi yako alikuwa amelala chini kwenye mkeka, amechoka. Nikasogea. Nilidhani ataniuliza juu ya mguu. Akaniuliza, "Mjomba, khanga ilidondoka? Watu waliniona uso?" Nikamwambia hapana, hawakukuona, ulikuwa umefunikwa vizuri. Akashusha pumzi, akafumba macho. Mtoto yule alifikiri ameivunja heshima ya kutoka kwake.

Madaktari walifanya walichoweza. Mguu ulipona ukiwa mfupi na goti likawa halikunjiki. Wewe ulizoea kumwona hivyo, sidhani kama uliwahi kujiuliza siku yake inakwendaje. Hawezi kuchuchumaa. Hawezi kujitwika ndoo kwenye kile kimteremko cha kisimani. Aliporudi shule wenzake walikuwa wameshamaliza la saba, akakaa wiki mbili na watoto wadogo wanaomwigiza anavyotembea, akaacha. Shangazi yako alikaa hospitali mpaka msimu wa korosho ukaingia na kutoka, korosho zikawa zinadondoka chini na kuota, hakuna wa kuokota. Mumewe alivumilia msimu huo. Msimu uliofuata alikwenda kuoa Liwale, na hajarudi.

Na katika yote hayo, shangazi yako alikuwa ananihurumia mimi. Ndilo lililokuwa linanichoma kuliko yote. Wageni wakija kumpa pole anawaambia, "Msimsahau na kaka yangu, maskini. Alimkwepa mbuzi kwa nguvu zote. Bila yeye ningezika." Nikiwa nimekaa hapohapo. Mwaka ule nilipoacha pikipiki za ngoma, watu walisema Tairi Moja ameingiwa na huzuni, na shangazi yako akaja mwenyewe kunibembeleza nisijilaumu. Akanishika mkono. "Kaka, mbuzi hana akili," akasema. Nikaitikia.

Wewe mwenyewe ulikula uongo huo ukashiba. Ulikuwa na miaka kumi, ukaanza kuwarushia mawe mbuzi wa watu. Ulimvunja pembe mbuzi wa jirani, ukaletwa nyumbani umeshikwa sikio, ukalia ukisema, "Wamemlemaza dada." Nikachukua fimbo nikakuchapa mbele ya yule jirani. Nimekukosea mara nyingi kama baba yeyote, na nyingi nimezisahau. Hiyo ya fimbo sijaisahau. Na ilipofika zamu yako wewe kutoka, nikakataa usipakiwe, nikasema mwanangu atatembea kwa miguu hata ikiwa kilomita kumi. Ulinuna. Watu wakanielewa, wakasema masikini anaogopa mbuzi.

Juzi nilikwenda Mbekenyera. Nilimwambia mama yako nafuata spea Ruangwa. Nilijua shangazi yako atakuwa shambani, na Zuhura atakuwa kibarazani na cherehani yake. Nikamkuta anashona sare za shule, mguu mmoja kwenye kanyagio, ule mwingine ameunyoosha kwenye kigoda, mwanawe amelala kwenye mkeka. Akaniona nimekuja bila taarifa, akaanza utani wake. "Mjomba, leo jua limechomoza Liwale? Au Tairi Moja ameishiwa mafuta?"

Nikamwambia zima cherehani. Akasema cherehani ya miguu haizimwi. Nikakaa. Nikaanza kusema, na nilikuwa nimejipanga njia nzima, lakini kilichotoka ni maneno manne. "Zuhura, hapakuwa na mbuzi."

Alikata uzi kwa meno, akaigeuza ile sare, akaitazama mshono. Kisha akasema, "Najua, Mjomba."

Nikamwuliza unajuaje, ulikuwa umefunikwa.

"Nilifunikwa macho, masikio sikufunikwa," akasema. "Ulicheka. Tairi lilipokwenda juu nilikusikia ukicheka, peke yako, kwa raha kabisa. Ndipo nikaanza kuteleza. Mtu aliyekatiziwa na mbuzi hacheki."

Somoe, mimi sikumbuki kucheka. Nimekumbuka kila kitu cha siku ile, hata harufu ya breki, lakini kicheko sikukijua mpaka juzi. Kilikuwa chake yeye. Amekaa nacho miaka kumi na moja.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama anavyowatazama wateja wanaotaka nguo ya mita tatu kwa kitambaa cha mita moja. "Ningemwambia nani? Mama? Baba alikuwa ameshaanza kutoroka. Mguu ulikuwa umeshavunjika. Nikisema, mama anabaki bila mume na bila kaka. Na mimi nabaki bila mjomba. Nani angesimama kwenye ndoa yangu?" Mimi ndiye niliyesimama kwenye ndoa yake, unakumbuka, nimevaa koti la kuazima. Alikuwa anajua, na akanikabidhi mkono wake nimpeleke kwa mumewe.

"Nilikuchukia mpaka nilipozaa," akaendelea, wala hakupandisha sauti. "Nilipozaa nikachoka kuchukia, kazi ni nyingi." Kisha akauliza, "Umekuja kwa sababu Somoe anaondoka?"

Nikasema ndiyo. Nikamwuliza kama angekuwa yeye angekukataza. Nilitarajia aseme ndiyo. Nadhani nilitaka aseme ndiyo, ili nije nikuambie Zuhura kakataa, mimi simo. Akasema, "Mwache aende. Tangu mdogo alikuwa akija kunichotea maji ananiuliza ukiwa juu ya pikipiki unasikia nini, mimi namwambia sikuona kitu. Aende akaone. Ila usimpeleke na mbuzi wako. Anayekwenda kucheka huko ni yeye, lazima ajue."

Nimeleta ujumbe.

Sasa na mimi niseme langu, nisikuchoshe. Kuanguka utaanguka. Ukiniahidi hutaanguka utakuwa umeanza uongo kabla ya kufika. Ninachokuogopea ni dakika ile ya baada ya kuanguka, watu wanapokuja mbio na kuuliza kumetokea nini, na mdomo wako uko wazi. Kutakuwa na jiwe la kusingizia, kutakuwa na fundi aliyekaza vibaya, kutakuwa na binti mwingine aliyekubana kwenye kona. Wakati mwingine itakuwa kweli. Lakini siku ambayo itakuwa ni wewe, sema ni mimi, hapohapo, kabla vumbi halijatua. Ukikosa dakika ile ya kwanza, ya pili ni ngumu mara mia, na mimi imenichukua miaka kumi na moja kuifikia.

Na jambo jingine ambalo sijui nilisemeje. Mimi niliamini kwamba nikivunjika nitavunjika mimi. Nilikuwa nasema hivyo kijiweni kwa kujigamba, mwili ni wangu, shingo ni yangu. Ikaja siku nikachubuka kiwiko tu, na shangazi yako akapoteza ndoa, Mzee Abeid akapoteza mbuzi na usingizi, na mtoto akapoteza shule. Hata huko kwenye mashindano ambako hakuna wa kumpakia, wewe usifikiri uko peke yako juu ya ile pikipiki. Mama yako amepanda. Mdogo wako amepanda. Mimi nimepanda, na sina pa kushika. Sikuambii hivi ili uteremke. Nakuambia ili ukifika pale padogo pasipo na uzito, ucheke, ndiyo, cheka mwanangu, lakini utukumbuke.

Mama yako sijamwambia bado. Nitamwambia Jumapili jioni, ukishaondoka, na nafikiri atanuna mpaka Ramadhani, na ana haki. Kabla yake nitamwambia shangazi yako. Zuhura aliniomba nimwachie yeye aanze kumlainisha mama yake. Nikakataa. Ameshabeba ya kutosha.

Kwa hiyo radhi yangu unayo, yote, sikuikata hata kipande. Nenda, Somoe. Ukishinda nitafunga banda siku nzima na wateja watakoma. Ukishindwa, rudi na pikipiki hata iwe mafungu mafungu, mimi ni fundi.

Shangazi yako anafika leo jioni na gari la Ruangwa, alale hapa ili awahi kukusindikiza. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, chini ya zile glovu, na utaiona ukiwa njiani. Ukifika hapa kwenye maneno haya nadhani basi litakuwa limeshaiacha Masasi, nami nitakuwa nampeleka shangazi yako kwake Mbekenyera, polepole kama ninavyoendesha siku hizi, nikitafuta pa kuanzia. Huenda huyu ndiye mtu wa mwisho nitakayempakia katika ukoo wetu. Ukimpigia simu wiki hii ukamkuta hataki kulisikia jina langu, usiniombee msamaha. Msikilize tu mpaka amalize.

Utakuwa umetuona pale stendi, tumesimama pamoja chini ya dirisha lako. Atakuwa amenishika mkono na kuniita kaka mbele za watu, kama anavyofanya siku zote. Kama uliona nimechelewa kuuachia, sasa umejua kwa nini.

Baba yako